Louis Jordan: Maisha Yake na Sahani Zake

Katika jimbo la Arkansas, upande wa kusini wa Marekani, upo mji mdogo uitwao Brinkley. Uko kati ya Little Rock na Memphis, kwenye njia ya gari moshi. Hapo ndipo alipozaliwa Louis Thomas Jordan, tarehe 8 Julai, 1908. Wasomaji wetu wengi hawajapata kulisikia jina hilo, wala si ajabu, kwa maana hata huko kwao lilikaribia kusahauliwa. Lakini ilikuwapo miaka ambayo hapakuwa na Mmarekani mweusi yeyote ambaye sahani zake za santuri zilipendwa na watu weusi wenzake kupita zake, na watu weupe nao walizinunua. Nataka kueleza habari za maisha yake, na jinsi sauti yake ilivyofifia kisha ikapatikana tena.

Baba yake, James Jordan, alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya mji ule. Mama yake alifariki dunia Louis akiwa bado mdogo. Mtoto alijifunza kwanza klarineti kwa baba yake, kisha akahamia saksafoni, na hiyo ndiyo iliyompatia riziki maisha yake yote. Baba huyo alikuwa pia akisafiri na kundi la wachezaji lililoitwa Rabbit Foot Minstrels, na kijana naye akafuata. Kundi hili lilikwenda mji kwa mji katika nchi ya kusini, likipiga mahema, na watu waliotoa kiingilio walitaka vyote kwa pamoja: nyimbo, ngoma, mizaha, na michezo ya kuchekesha. Kama watu hawakucheka, hapakuwa na pa kujificha.

Baadaye alisoma kwa muda katika chuo cha Arkansas Baptist huko Little Rock. Lakini kwa maoni yangu masomo ya hemani ndiyo yaliyomfaa zaidi. Wako wapiga saksafoni wengi wa wakati wake waliokuwa na vidole vyepesi kuliko vyake. Wachache sana walijua kama alivyojua yeye kwamba mtu aliyelipa senti zake baada ya kazi ya juma zima hataki kufundishwa, anataka kufurahishwa, tena anataka kuyasikia maneno yote.

Katika miaka ya 1930 alipanda kwenda kaskazini, kwanza Philadelphia, kisha New York. Mwaka 1936 akaingia katika bendi ya Chick Webb, mpiga ngoma mashuhuri aliyekuwa mfupi sana wa kimo kwa sababu ya ugonjwa wa mgongo uliompata utotoni. Bendi hiyo ilipiga katika ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem, na mwimbaji wake alikuwa msichana mmoja aitwaye Ella Fitzgerald, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua. Jordan alipiga saksafoni, na mara moja moja aliruhusiwa kuimba. Lakini hakutosheka kuwa mtu wa safu ya nyuma. Mwaka 1938 Webb alimfukuza kazi, kwa kuwa aligundua kwamba Jordan alikuwa akiwashawishi wenzake, na Ella mwenyewe, waondoke wakaanzishe bendi nyingine pamoja naye. Siwezi kumtetea kwa jambo hilo. Webb alikuwa mgonjwa wakati ule, na mwaka uliofuata akafa.

Basi Jordan akaanza peke yake, na akaanza kwa udogo. Alipata kazi katika klabu iliyoitwa Elks Rendezvous, hapo hapo Harlem, pamoja na watu wachache tu. Tarehe 20 Desemba, 1938, kampuni ya Decca iliwarekodi kwa mara ya kwanza. Punde kidogo bendi ikapewa jina la Tympany Five. Neno la kwanza lilitokana na zile ngoma kubwa za shaba ambazo mpiga ngoma wake, Walter Martin, alikuwa akizitumia, ila Jordan aliliandika kwa tahajia yake mwenyewe. Neno la pili lina maana ya watu watano, lakini mara nyingi walikuwa zaidi ya watano. Jina halikubadilika.

Hapa yafaa nieleze ule muziki wenyewe, maana wapo wadadisi watakaouliza. Wakati ule bendi kubwa za jazi zilikuwa na watu kumi na watano na zaidi, na kila mmoja hula, hulala, na hudai mshahara. Jordan alipunguza watu lakini hakupunguza kishindo. Mkono wa kushoto wa mpiga piano huzunguka na hatua nane katika kila kipimo. Besi na ngoma hulifuata zunguko hilo kama magurudumu ya gari moshi. Tarumbeta moja na saksafoni moja au mbili hujibu kwa pamoja kana kwamba ni kundi zima. Na juu ya hayo yote mtu mmoja husimulia kisa. Msingi ni bluzi, yaani wimbo wa huzuni wa watu weusi wa kusini, lakini bluzi iliyorukishwa hata miguu isitulie. Ndiyo maana muziki huo ukaitwa jampu bluzi. Si Jordan peke yake aliyeupiga, lakini hakuna aliyeuvusha mbali kuliko yeye.

Mwaka 1941 alipelekwa Chicago na baadaye katika baa moja ya Cedar Rapids, mji wa jimbo la Iowa, iliyoitwa Fox Head Tavern. Iowa ni nchi ya wakulima weupe, na mtu angedhani mwanamuziki wa Harlem amepelekwa huko kuadhibiwa. Kumbe ndiko alikopata bahati yake. Kwa kuwa hapakuwa na wakubwa wa kumsikiliza na kumsema, alijaribu kila namna ya wimbo wa kuchekesha, akaona upi unashika na upi unaanguka. Alipotoka huko alikuwa na akiba ya nyimbo ambazo zilikuwa zimekwisha kupimwa mbele ya watu.

Alikuwa mkali sana kazini. Mazoezi yalikuwa mengi, mavazi sharti yafanane na yang'ae, na hata kugeuka kwa mabega kulifundishwa. Wenzetu wa bendi ya shule wanaolalamikia mazoezi ya jioni wangeona tofauti. Watazamaji walidhani bendi inacheza tu kwa raha, na hivyo ndivyo alivyotaka wadhani.

Kisha vita vikaingia. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwakataza watu wake kurekodi mpaka kampuni zikubali kulipa fedha katika mfuko wa wanamuziki. Decca ilikubali Septemba 1943. Jordan alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo kadhaa kabla ya katazo, na mmojawapo, wa mlevi asiyeona faida ya kuacha pombe, ukawa wimbo wake wa kwanza kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la Billboard ya nyimbo zilizopendwa Harlem. Wimbo mwingine ulikuwa juu ya shida ya vyakula vya kugawiwa wakati wa vita, na huo ulipanda mpaka juu katika orodha ya nyimbo za shamba za watu weupe. Mwaka 1944 sahani yake moja ilikuwa na G.I. Jive upande mmoja, na Is You Is or Is You Ain't My Baby upande wa pili. Wa kwanza ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nchi nzima, bila kubagua rangi. Askari walimsikia kwa redio ya jeshi na kwa sahani maalumu zilizotengenezwa kwa ajili yao. Wale wanaopenda katuni za Tom na Jerry wamekwisha kuujua huo wa pili bila kujua ni wa nani. Ndio ambao paka Tom huuimba akipiga besi usiku chini ya dirisha la mpenzi wake, katika katuni iliyotolewa mwaka 1946, ingawa sauti si ya Jordan.

Lakini kusikilizwa na watu wote si sawa na kukaribishwa na watu wote. Katika miji ya kusini, sheria na desturi zilikataza weupe na weusi kucheza pamoja. Ilikuwa kawaida yake kupiga usiku mmoja kwa hawa na usiku mwingine kwa wale, nyimbo zile zile, suti zile zile.

Mtu aliyesimamia kazi yake katika chumba cha kurekodi alikuwa Milt Gabler wa kampuni ya Decca. Msomaji alishike jina hili. Gabler alizaliwa Harlem mwaka 1911, na baba yake alikuwa na duka mjini New York lililouza redio na santuri. Huyo kijana alipoona kwamba wateja wanatafuta sahani za jazi ambazo kampuni zimeacha kuzitengeneza, katika miaka ya 1930 alianza kuziomba kampuni zimpigie chapa tena kwa kutumia zile kalibu za zamani, akaziuza. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufanya biashara ya kutoa upya sahani za kale, na aliandika juu yake majina ya wapigaji wote, jambo ambalo kampuni hazikujali kulifanya. Mtu wa namna hiyo alijua kwamba sahani si ya leo tu.

Mwaka wa 1946 ndio uliokuwa kilele. Mwezi wa Januari walirekodi Choo Choo Ch'Boogie, kisa cha mtu aliyerudi kutoka vitani, hana kazi, na anapenda mlio wa gari moshi. Wimbo huo ulikaa juu ya orodha ya muziki wa watu weusi kwa majuma 18, na sahani zilizouzwa zilipita milioni moja. Mara baada yake ukafuata wimbo wa kuku, nao ukakaa majuma 17. Mwaka ule ule aliimba pamoja na Ella Fitzgerald, yule yule wa Savoy, wimbo wa namna ya visiwa vya Karibi. Kwa jumla Jordan alifikisha nyimbo 18 kwenye nafasi ya kwanza, na ukijumlisha majuma yake huko juu utapata 113. Watu walimwita mfalme wa masanduku ya santuri. Masanduku hayo yaliwekwa katika mabaa na mikahawa. Mtu alitumbukiza sarafu ya senti 5, akabonyeza wimbo autakao, na mashine ikajipigia yenyewe. Alicheza pia katika sinema fupi na ndefu. Moja iliitwa Caldonia, ya mwaka 1945, na mvulana mmoja maskini wa Georgia aliyeitazama akatamani kuwa kama yule mwimbaji. Mvulana huyo alikuwa James Brown. Mwingine, wa Harlem, alimpenda Jordan tangu utotoni, akashika saksafoni kwa ajili yake. Naye ni Sonny Rollins.

Si kila wimbo umezeeka vizuri. Kuna zile za kuwacheka wanawake ambazo leo mtu huzisikiliza akikunja uso, na hata wakati ule walikuwapo Wamarekani weusi walioona kwamba mzaha wake unawafurahisha mno watu weupe. Mimi naona alikuwa akicheka na watu wake, si akiwacheka. Anaposimulia karamu ya samaki ya Jumamosi usiku, iliyojaa watu na ikaishia kwa polisi kuvunja mlango, anasimulia mambo ambayo wasikilizaji wake waliyajua kwa mwili.

Nyumbani hapakuwa na raha kama jukwaani. Alioa mara tano. Mke wake wa tatu, Fleecie Moore, anaonekana kama mtungaji katika karatasi za nyimbo kadhaa, pamoja na Caldonia na Let the Good Times Roll. Sababu ni kwamba Jordan alikuwa amefungwa na mkataba wa mchapaji mmoja wa nyimbo, akataka kufanya biashara na mwingine, kwa hiyo akaandika jina la mkewe. Mwaka 1947 waligombana, na mke akamchoma kisu hata akawa karibu kufa. Ndoa ilipovunjika, haki za nyimbo zilibaki na yule ambaye jina lake liliandikwa. Werevu wa siku moja ulimgharimu fedha za miaka mingi.

Mwaka 1951 alijaribu kuunda bendi kubwa, wakati ambapo wenye bendi kubwa wote walikuwa wakizivunja. Haikufaulu. Maradhi nayo yakamwandama, maumivu ya viungo, akahamia Phoenix, jimbo la Arizona, kwa ajili ya hewa kavu. Mwanzoni mwa mwaka 1954 alirekodi kwa Decca kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na mitano.

Sasa sikilizeni jambo hili. Tarehe 12 Aprili, 1954, miezi michache tu baadaye, kijana mweupe aitwaye Bill Haley aliingia katika chumba cha kurekodi cha Decca mjini New York. Msimamizi alikuwa Milt Gabler. Gabler aliwafundisha vijana wale mwendo ule ule aliokuwa ameuzoea kwa Jordan, na hakuuficha ukweli huo maisha yake yote. Wimbo waliorekodi siku hiyo ni Rock Around the Clock. Mwaka uliofuata, baada ya kutiwa katika sinema, ulizunguka dunia nzima, na magazeti yakatangaza kwamba umezaliwa muziki mpya unaoitwa rokenroli. Chuck Berry, ambaye hakuona haya kumtaja Jordan kuwa mwalimu wake, alianza Johnny B. Goode kwa sauti za gitaa ambazo Carl Hogan, mpiga gitaa wa Jordan, alikuwa amezipiga mwanzoni mwa wimbo mmoja mwaka 1946. Atakayezisikia zote mbili hatahitaji kuelezwa.

Jordan alikuwa hai, ana miaka arobaini na sita, akiona haya yote. Alirekodi kwa kampuni moja baada ya nyingine. Mwaka 1956 kampuni ya Mercury ilimwita azirudie nyimbo zake za zamani kwa sauti ya kisasa, gitaa la umeme likiwa mbele, na kijana Quincy Jones akapanga muziki. Ni sahani nzuri, wala siidharau, lakini vijana hawakununua. Walitaka sura mpya. Mwaka 1962 alikwenda Uingereza akapiga na bendi ya Chris Barber, na watu wa huko walimpokea kwa furaha. Kisha Ray Charles akamrekodi katika kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1973 alirekodi nchini Ufaransa. Mwishoni mwa mwaka 1974 alipatwa na ugonjwa wa moyo huko Nevada, alikokwenda kwa kazi, na tarehe 4 Februari, 1975, akafariki dunia mjini Los Angeles. Alizikwa St. Louis, mji wa kwao mke wake wa mwisho, Martha.

Tuziangalie sasa sahani zake. Sahani za miaka ile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua kama dakika tatu. Zilitengenezwa kwa shelaki, gundi itokayo kwa wadudu wadogo wa Bara Hindi, ikichanganywa na vumbi la mawe. Wakati wa vita shelaki ilikuwa adimu. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizipunguzia kampuni sehemu kubwa ya shelaki, na sahani za zamani zikakusanywa zisagwe ziwe mpya. Sahani nyingi za Jordan zilitoka katika unga wa namna hiyo, na zilikoroma tangu siku ya kwanza. Kisha zikaingia katika masanduku ya mabaa, ambako sindano nzito ya chuma ilipita katika mfuo ule ule mara mamia. Kwa hiyo zilizopendwa zaidi ndizo zilizoharibika zaidi. Kilichoanza kupotea si ngoma wala tarumbeta, bali yale maneno, zile herufi nyepesi za mwanzo na mwisho wa neno. Kwa mtu aliyejitahidi maisha yake yote kila neno lisikike, hasara hiyo ilikuwa kubwa.

Miaka michache baada ya kifo chake, watu walianza kumtafuta. Mwaka 1981 mwimbaji Mwingereza Joe Jackson alitoa sahani ya nyimbo za zama zile, nyingi zikiwa za Jordan, na vijana wakauliza mwenyewe alikuwa nani. Mwaka 1987 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la rokenroli. Mwaka 1990 ulifunguliwa London mchezo wa kuigiza wenye nyimbo zake, na mwaka 1992 ukavuka hadi New York. Mwaka huo huo kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilitoa sanduku moja lenye kazi yake yote ya Decca, tangu 1938 mpaka 1954, na mwaka 2001 kampuni ya JSP ya Uingereza ikatoa sanduku lingine la sahani tano, la bei nafuu, ambalo hata mwanafunzi angeweza kulinunua kwa kuchanga na wenzake. Kampuni za Ulaya ziliweza kufanya hivyo kwa sababu sheria za huko wakati ule zililinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50 tu. Muda ukipita, yeyote mwenye sahani nzuri aliweza kuitoa upya. Ndivyo alivyorudi masikioni mwa watu, na ndivyo pia kampuni nyingi zilivyoweza kumwuza bila kulazimika kuwalipa warithi kwa sauti yake.

Kazi ya kuzisafisha si ya kupangusa vumbi tu. Fundi hutafuta kwanza kalibu ya chuma ya kiwandani, au akiikosa, sahani ambayo haikupigwa sana. Huiosha. Hujaribu sindano za upana mbalimbali mpaka apate moja inayogusa sehemu ya mfuo ambayo sindano za zamani hazikuila. Huhakikisha mwendo, maana mashine za zamani hazikuwa zote sawasawa kwenye 78, na kosa dogo humfanya mwimbaji aonekane ana mafua. Baada ya hapo ndipo hutumia kompyuta kuondoa vishindo na mikwaruzo. Hapa mafundi hugawanyika. Wengine huondoa kila mkoromo, mpaka inabaki kimya kama cha msikitini. Lakini mkoromo na pumzi ya mwimbaji hukaa mahali pamoja, na ukiufuta mmoja unafuta na mwingine. Matoazi ya ngoma huwa kama yamefunikwa blanketi. Mimi nimesikia nakala za aina zote mbili, na napenda ile iliyoachiwa mkoromo kidogo. Sikio huuzoea baada ya dakika moja, na Jordan anabaki amesimama mbele yako.

Tarehe 1 Juni, 2008, moto uliwaka katika viwanja vya sinema vya Universal karibu na Hollywood, na ukateketeza ghala lililokuwa na nakala mama za muziki. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza ukubwa wa hasara, likizitaja kazi za Decca, na Jordan miongoni mwa waliomo katika hazina hiyo. Kampuni ilijibu kwamba hasara ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa. Vyovyote ilivyokuwa, zile sahani za shelaki zilizookotwa madukani na katika vyumba vya juu vya nyumba za watu si takataka tena, na yule fundi anayeziosha kwa maji na kitambaa ana kazi ambayo huenda haitawezekana kurudiwa.

Ile karamu ya samaki niliyoitaja, Saturday Night Fish Fry, ilirekodiwa mwezi wa Agosti 1949. Kisa chake kilikuwa kirefu kuliko upande mmoja wa sahani, kwa hiyo kilikatwa katikati. Mtu wa mwaka 1949 alisikiliza mpaka hadithi ilipopamba moto, akainuka, akageuza sahani, akarudisha sindano, ndipo akajua yaliyowapata waalikwa. Ilikaa juu ya orodha majuma 12 hivyo hivyo, na kukatwa kwake. Katika nakala zilizosafishwa mafundi wamezishona pande hizo mbili, na sasa wimbo huenda moja kwa moja kwa dakika tano na zaidi, kutoka wageni wanapoingia mpaka wanapopelekwa kituoni, kama Jordan na wenzake walivyoukusudia.